Chungu cha Domitila na Zambarau za Mtoni

Kosa alilotendewa Domitila ni hili. Aliitwa mbele ya sengu, akaambiwa kwamba amemlisha mtoto wa shemeji yake sumu, na chungu chake kikakataliwa. Aliyemshitaki ni Meinrad, kaka mkubwa wa mume wake, na Meinrad alijua kwamba si kweli. Alijua kabla hajafungua mdomo.

Asiyeishi Mkumbi, huku milimani kwa Wamatengo, atauliza, chungu kukataliwa ni jambo gani hata mtu alibebe miaka yote? Sengu ni pale mbele ya nyumba ya mkubwa wa ukoo, ambapo wanaume wake wote hukaa jioni wakala pamoja. Kila mke hupika kwake, akabeba chungu chake, akapiga magoti, akakiweka. Wanaume wakishanawa mikono, mambo yote ya ukoo huzungumzwa hapo hapo: nani atalima upande gani wa mlima, nani ataoa, nani amekosa. Mke ambaye chungu chake kinaliwa sengu ni mtu. Mke ambaye chungu chake kinarudishwa kimejaa, hata mbwa wa jirani anaona anavyopita nacho.

Domitila hakuzaliwa mlimani. Kwao ni Ngumbo, kule chini ziwani, na aliolewa na Eusebius akapandishwa Mkumbi akiwa msichana, kichwani kapu la dagaa waliokaushwa na kapu la pili lenye zambarau pori zilizokaushwa. Dagaa walipokelewa kwa shangwe. Lile kapu la pili lilichekwa.

"Mkwe wetu ametuletea chakula cha ndege," alisema Meinrad siku ile ile ya harusi, na watu wakacheka, na bibi harusi akacheka pia maana alidhani ni utani wa mashemeji.

Lakini zambarau zilikuwa Mkumbi pia. Bondeni, ule mto mdogo unapokata mpaka wa shamba la ukoo, ilikuwepo miti yake, minene, imeinamia maji. Mvua zikishakolea, matunda yake hubadilika kutoka wekundu hadi buluu nzito inayokaribia weusi, na yakianguka jiwe la mtoni hugeuka rangi kama limemwagiwa wino. Wamatengo waliwaachia watoto na nyani. Domitila hakuwaachia. Alishuka na kapu asubuhi jua likiwa bado la upole, akakaa juu ya jiwe, akala kwanza. Hilo alijipa. Kazi ya kulima ngolo, yale mashimo ya kupandia mlimani, huanzia alfajiri na mgongo ndio unaojua inapoishia, na mwanamke aliyeolewa mbali hana wa kumwambia pumzika. Pale juu ya jiwe, zambarau moja baada ya nyingine, lile ganda lenye ukali kidogo, ile nyama tamu, ile kokwa ya kutemea majini, alikuwa mtoto wa mama yake tena. Alirudi nyumbani ulimi na midomo vimeiva buluu, na Eusebius akamwambia, "Leo nimeoa mtu wa wino."

Zilizobaki alizianika juu ya ungo. Mama yake alimfundisha: mtoto akiharisha, mpondee zambarau kavu kwenye maji ya vuguvugu, mzazi aliyepoteza damu, mpe zile mbichi kila siku mpaka rangi imrudie, fizi zinazotoka damu, zitafunwe. Asile kupita kiasi, maana tumbo litafunga kabisa. Huo haukuwa uganga. Kilikuwa chakula, na kilifika mwezi ule mbaya ambao mahindi ya ghalani yamekwisha na ya shambani bado yana maziwa. Watoto wa ukoo mzima waliokuwa wanamfuata mtoni hawakuvimba miguu mwezi ule. Wake wenzake waliliona hilo. Wanaume walikuwa wanaangalia kahawa.

Kahawa ndiyo iliyoleta habari yenyewe. Mwaka mmoja, miaka kadhaa baada ya vita vya Hitler, majani ya mibuni yalianza kuota kutu, na bwana shamba akaja na mrututu, dawa yenye sumu, yale mawe ya buluu inayong'aa, akawafundisha kuyayeyusha na kuchanganya na chokaa, kisha kunyunyizia. Meinrad alikuwa wa kwanza kukubali, na bwana shamba akamsifu mbele ya watu na kusema shamba lake litakuwa la mfano.

"Ila msiyeyushie kwenye debe," bwana shamba alionya. "Mrututu unakula bati. Tafuteni chombo cha mti au cha udongo."

Meinrad hakuwa na chombo cha mti. Aliingia jikoni kwa mke wake Walburga, mwenyewe hayupo, akachukua kibuyu kipana kilichokatwa mdomo, akafanyia kazi yake siku zote za kunyunyizia, kisha akakiacha nyuma ya ghala. Kosa lenyewe ni hilo. Mwanaume wa Kimatengo hajui chombo kipi cha jikoni kinafanya nini, na hajui kwamba kibuyu kinakunywa kile kinachotiwa ndani yake.

Siku chache baadaye binti yao Luisa, aliyekuwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka, alishuka mtoni na Domitila na Protasi, mwana wa Domitila. Walikula mpaka wakachekana kwa ndimi zilizoiva buluu. Domitila akamfungia Luisa zambarau kwenye jani la mgomba. "Mpelekee mama yako. Mwambie akupondee, ulale umekunywa."

Walburga alitafuta chombo, akakikuta kibuyu chake nyuma ya ghala kimekauka. Akakisuuza, akapondea humo na maji, akaacha mpaka asubuhi ili ladha ikolee. Kama kibuyu kilitoa rangi, nani angeiona? Zambarau zenyewe ni buluu. Asubuhi Luisa alikunywa, na kabla jua halijafika mlangoni alikuwa anatapika, na alichotapika kilikuwa na rangi ambayo hakuna aliyewahi kuiona ikitoka kwa binadamu.

Mtoto alipona. Hilo lisemwe mapema, maana ndilo jema pekee. Alitapika yote, akalala siku mbili kama kitambaa kilichokamuliwa, akaamka akaomba uji.

Jioni ya siku ile ile alipougua, kabla haijajulikana kama atapona, Domitila aliitwa sengu. Aliweka chungu chake chini akapiga magoti. Mzee Bartholomayo, baba mkwe wake, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo.

"Mama Protasi, ulimpa mtoto nini?"

"Zambarau, baba. Zile za mtoni. Na Protasi alikula hizo hizo, yule pale anakimbizana na mbuzi."

"Apikaye anajua kipi amwachie wa kwake," alisema Meinrad.

"Shemeji, na mimi nimezila."

"Watu wa ziwani mnakula kila kinachoelea. Matumbo yenu si yetu. Mtoto wangu ametapika buluu. Buluu! Nani hapa anabeba buluu kwenye kapu kila mwaka?"

Mmoja kule nyuma akacheka kidogo, kisha akakumbuka mtoto ni mgonjwa. Domitila alimtazama Eusebius. Eusebius alikuwa anatazama vidole vya miguu yake kana kwamba alikuwa hajawahi kuviona.

Mzee Bartholomayo akasema, "Chungu kikae kwako kwanza. Mpaka ijulikane."

Domitila akakibeba. Kilikuwa na maharage yaliyochanganywa na mboga za maboga, na yalikuwa bado ya moto. Akapita nacho mbele ya nyumba zote.

Alichukulia kwamba ni jambo la wiki moja. Mtoto amepona, watauliza, itajulikana. Hakuna aliyeuliza. Wakati wa kulima ngolo za maharage ulifika, wanaume wakafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari, wanawake wakawa wanachimba mashimo na kuzifukia zile nyasi, Domitila na Walburga bega kwa bega kama kila mwaka. Walburga alikuwa hajamwangalia usoni tangu siku ile. Ghafla akaacha jembe.

"Dada, nikikwambia neno hutanitaja?"

"Sema."

"Kile kibuyu nilichopondea. Mume wangu alikuwa ameyeyushia mrututu humo. Mimi sikujua, Mungu anajua."

"Na yeye?"

"Mtoto alipoanza kutapika alikuja jikoni, akanusa kibuyu, akaniuliza, 'Umepondea humu?' Nikamwambia humu. Akakivunja, akatupa vipande chooni. Akasema nikifungua mdomo, wazee watasema mrututu umeingia jikoni, watang'oa mibuni yote, na bwana shamba atamcheka."

"Kabla ya sengu?"

"Kabla."

Domitila aliendelea kuchimba. Akamaliza shimo lile na lililofuata. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ni wa bei nafuu kuliko mbuni."

"Dada, nisamehe."

"Wewe nimekusamehe. Njoo jioni uyaseme hayo sengu."

Walburga akashika jembe lake. "Ataniua."

Domitila akaenda mwenyewe kwa mzee Bartholomayo, akamkuta anaota jua. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Akamwambia lote bila kumtaja aliyemwambia, ingawa mzee hakuwa mjinga. Mzee akasema atamwuliza Meinrad. Kweli akamwuliza. Meinrad akajibu kwamba wanawake wanagombania mashamba na wanatafuta kisa, na mzee akarudi na jibu hilo hilo, kama mtu aliyetumwa maji akarudi na mtungi mtupu.

"Nimemwuliza, mama Protasi," alisema, na akaonekana amechoka kuliko yeye.

Msimu wa baridi mzee akafa, na mkubwa wa ukoo akawa Meinrad.

Kwa hiyo jioni zote zikawa hivi: wake wengine wanapita na vyungu vyao, Domitila anapika chake na kukiweka jikoni. Eusebius anakula sengu chakula cha wake wa ndugu zake, anarudi nyumbani, anainua kifuniko, anakula tena.

"Chako ndicho kitamu," anasema.

"Kawaambie hao."

Hakuwaambia. Ni mwanaume mpole, hampigi, hana mke mwingine, na kwa watu wengi huyo ni mume mwema. Domitila mwenyewe hajui tena huyo ni mume wa namna gani.

Mtoni hakuacha kwenda. Waliomtarajia aache walisubiri bure. Mwanzoni alikuwa peke yake, maana watoto walikatazwa. Kisha akaja Luisa. Mtoto aliyesemekana nusura auawe na zambarau ndiye aliyezipenda kuliko wote. Alikuja kwa kujificha, kisha alipokua akaja wazi, akakaa juu ya jiwe, akala, akatema kokwa mbali kushindana na Protasi.

"Mama mdogo, wanasema hizi ziliniua."

"Ndiyo. Wewe ni mzimu. Sogea, unanizibia jua."

Msimu huu uliopita Luisa, sasa msichana wa kuchumbiwa, alikuja nyumbani kwa Domitila, si kula. Alisimama na kibakuli mkononi.

"Baba anaumwa tumbo. Linamkimbiza mwezi mzima sasa. Alikwenda misheni akapewa dawa, likatulia, likaanza tena. Mama amesema zambarau zako kavu."

"Mama ndiye aliyesema, au baba?"

Luisa akatazama kibakuli. "Baba alisema, usiseme ni mimi."

Domitila alikipokea kibakuli. Alikuwa amelisubiri jambo la namna hii miaka mingi, na aliwaza lingekuja na moto ndani yake. Halikuja na moto wowote. Lilikuja na uchovu tu, kama mtu anapotua mzigo na kukuta shingo imebaki vile vile.

Alijua angeweza kukataa. Lakini akikataa na Meinrad akadhoofu, watasema, mnaona, ndiye. Na hata wasingesema: mama yake hakumfundisha kumnyima mtu anayeharisha. Akaingia ndani, akatoa kapu, akajaza kibakuli.

"Maji ya vuguvugu. Konzi moja asubuhi, moja jioni, asizidishe. Chombo kiwe safi. Mwambie baba yako hivyo hasa: chombo kiwe safi. Na mwambie nampikia. Leo jioni naleta chungu sengu. Akile pale, mbele yao, aseme kwa nini anakila."

Jioni alikibeba. Walikuwa wamekaa wote, Eusebius pia. Alipiga magoti, akakiweka. Meinrad alikitazama, akamtazama yeye, na pembeni ya mdomo wake, chini kidogo ya ndevu, palikuwa na doa la buluu ambalo hakulifuta vizuri.

"Shikamoo, shemeji," alisema Domitila. "Tumbo lako?"

"Tumbo gani?" alisema Meinrad. "Mimi mzima."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Domitila akangoja mpaka magoti yakamwuma, akakibeba chungu, akarudi nacho.

Tumbo la Meinrad limepona. Luisa amerudisha kibakuli kitupu na kusema, "Baba anashukuru." Domitila amekiosha akakifunika. Hicho sicho anachodaiwa. Meinrad anadaiwa maneno machache, yasemwe sengu, kwa sauti, wanaume wote wakiwa wamekaa: kibuyu kilikuwa changu, mrututu ulikuwa wangu, nilijua. Akishayasema, achovye mkono wake kwenye chungu cha Domitila awe wa kwanza kula. Eusebius naye anadaiwa kuinua macho. Hao wawili wangali hai, na miti ya mtoni inazaa tena mwaka huu.