Kikamba cha Mama Ndani ya Simu

Kiharusi kilimpokonya mama Kiswahili chote, kikamwachia Kikamba. Mimi niliyekulia hapa Shauri Moyo nina Sheng ya mtaani na Kiswahili cha kufundishia darasani, lakini Kikamba changu huishia kwenye salamu. Mama mwenyewe ndiye aliyetulea kwa Kiswahili ili tuelewane na watoto wa majirani. Shule zilipofungwa nikahamia kwake, tukawa tunashinda chumba kimoja bila kuelewana.

Shida ilikuwa chakula. Kila nikimletea sahani aliisukuma, akasema maneno yale yale, polepole, kisha akageuza uso. Nilibadilisha mboga, nikapika uji, nikachemsha muthokoi, yale mahindi ya kukoboa ya Kikamba, Jumamosi nzima. Wapi! Akina mama wa kanisa wanaojua Kikamba walipokuja kumwona aliwaambia hajambo, basi. Nikajaribu kuwaigizia yale anayoniambia mimi, kwa matamshi yangu mabovu. Wakacheka kwa upole, hawakuambulia kitu. Mashavu yake yalikuwa yameanza kubonyea. Niliogopa atanifia mikononi, na mimi hofu ikinishika sikai: nafagia palipofagiliwa, natoka mlangoni, narudi, nafunua sufuria, nafunika.

Mwalimu wa kompyuta wa shuleni kwetu alikuja kumjulia hali mgonjwa, akaniwekea kitu kwenye simu. Akakiita modeli ndogo ya lugha. Nilimwambia nimechoshwa na hizo akili mnemba zinazojifanya kujua kila kitu huku zikinimalizia bando.

"Hii haitaki bando," akasema. "Inakaa tu kwa simu. Inajua Kikamba cha nyumbani na Kiswahili, basi."

Alipoondoka niliijaribu kwa hasira. Nikaiuliza nani atachukua ligi mwaka huu, ikaandika kwamba haijui mambo hayo. Angalau haikunidanganya.

Nikaweka ugali na sukuma wiki mbele ya mama, nikaegemeza simu kwenye kikombe. Akaisukuma sahani, akasema maneno yake. Simu ikamjibu kwa Kikamba, ikimwomba arudie. Mama alishtuka, halafu akaisogelea, akaanza kuieleza kwa utulivu kama anayezungumza na mgeni mwenye adabu. Wivu ulinichoma. Mimi alikuwa akinigeuzia uso, na kidude hiki kisichojua hata mpira kinapewa maelezo marefu! Nilishindwa kusimama pale. Nikaenda dirishani, nikaenda jikoni, nikazima jiko ambalo halikuwa limewashwa. Niliporudi, mama alikuwa amemaliza na maneno yake yameandikwa kwa Kiswahili kwenye kioo cha simu:

"Kwanza ale huyu anayezungukazunguka. Amekonda. Akikaa akala, na mimi nitakula."

Nikasoma tena, bado nimesimama. Nilijaribu kukumbuka ni lini nilikula nikiwa nimekaa, nikakosa. Nikakumbuka pia kwamba tangu utotoni sikuwahi kumwona mama akitia tonge mdomoni kabla yetu. Muda wote huo nilikuwa nikimwekea sahani moja, na kijiko kimoja.

Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake mpaka magoti yetu yakagusana. Nikamega ugali, nikala huku machozi yakinitoka. Mama alinikazia macho mpaka nikameza. Kisha akafungua mdomo, akingoja tonge lake.