Anaezeka Majumba ya Watu, Mama Yake Anavujiwa

Ukungu bado umelala bondeni, lakini Maïté Lasfargues ameshapanda juu. Amepiga goti kwenye paa lenye mwinamo mkali, nyundo mkononi, anapapasa bamba la jiwe zito kuliko mfuko wa viazi. Analigonga mara moja na kutega sikio. Limelia vizuri. Analilaza juu ya mengine, anachomeka kijiwe chini yake lisicheze, kisha anageukia jingine.

"Jiwe zima linalia," anasema bila kuinua uso. "Lililopasuka linakohoa tu."

Nyumba hii ni ya Aurélien Devaux, daktari wa meno kutoka Bordeaux, ambaye huja hapa kijijini Saint-Cybard wakati wa Pasaka na mwezi wa Agosti. Miezi mingine madirisha hubaki yamefungwa. Paa lake jipya la mawe limemgharimu euro laki moja na nusu.

Ukiteremka njia ya kanisani unaikuta nyumba nyingine ya umri uleule na mawe yaleyale. Humo anaishi Fernande, mama yake Maïté, mjane wa miaka themanini na minne. Kitanda chake amekihamishia jikoni, kwa sababu juu ya chumba chake cha kulala hakuna tena paa. Kuna turubai la buluu, na upepo ukivuma linapigapiga mpaka mbwa wa jirani anabweka.

"Nimewaezekea watu miaka ishirini na sita," anasema Maïté. "Mama yangu anavujiwa. Sasa niambie, hapo nicheke au nilie?"

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa akifunga jibini kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa, na fundi Gilles Pouget alikuwa akitafuta mtu wa kumbebea mawe. Wanaume wa kikosi chake waliwekeana dau kwamba mwanamke huyo hatafika Krismasi. Leo Maïté ana miaka hamsini na mmoja, na wengi wao wameacha kazi kwa maumivu ya mgongo. Yeye bado yuko juu, na mgongo unamuuma vilevile.

Balaa la mama yake lilianza na dhoruba ya majira ya baridi mwaka juzi. Boriti ya mwaloni iliyokuwa imeoza kimyakimya ilikatika, na kipande kizima cha paa kikaangukia kitandani. Fernande alikuwa ameamka kwenda kuchochea moto. Ndiyo sababu yupo hai.

Maïté alipiga hesabu mwenyewe. Akairudia, na kuirudia tena, akitumaini kwamba safari hii itapungua. Haikupungua. Paa la mawe lingekula euro laki moja na thelathini elfu. Nyumba yenyewe, pamoja na bustani na kisima, imekadiriwa kuwa na thamani ya elfu themanini na tano. Pensheni ya mama yake haifiki euro elfu moja kwa mwezi.

Basi akafanya ambalo mtoto yeyote angelifanya. Akakopa, akanunua bati, na Jumapili mbili akalipigilia akisaidiana na wenzake.

Bati halikumaliza hata mwezi. Akaja kijana kutoka ofisi ya mkoa inayosimamia majengo ya kale, akasema nyumba inaonekana kutoka kanisani, na bati linaharibu sura ya kijiji, hivyo litolewe. Maïté anakiri kwamba kijana huyo hakukosa adabu. Fernande alimkaribisha kahawa, kisha akamshika mkono akampeleka chumbani, akamwonyesha beseni la zamani alilokuwa akikingia maji juu ya godoro.

"Mwanangu," akamuuliza, "na hili beseni linapendezesha kijiji?"

Kijana akamaliza kahawa yake, akaondoka. Amri ikabaki palepale. Bati likateremshwa, turubai likapanda.

Hapo ndipo damu ya Maïté inapochemka. Turubai la plastiki, tena la buluu, linaonekana zaidi kutoka kanisani kuliko bati lilivyoonekana. Lakini limeruhusiwa, kwa kuwa ni la muda. Muda huo sasa unaingia msimu wa tatu wa baridi.

Ruzuku ipo, akaambiwa. Ila hulipwa kazi ikishakwisha na mafundi wakishalipwa. Anacheka kwa uchungu. Kumbe ili mtu asaidiwe kwa kuwa hana, yampasa kwanza awe nazo.

Mwezi wa tisa, akiwa juu ya paa la daktari, likaja lori la mawe. Aliyeleta ni Régis Chastrusse, mfanyabiashara anayenunua mapaa ya mabanda yaliyochakaa na kuyauza tena kwa wenye nyumba nzuri. Mawe yalikuwa safi, ya unene mmoja, yenye ukungu mkavu wa rangi ya haradali. Maïté aliyasifu, akauliza yametoka wapi.

"Hapahapa kwenu," Chastrusse akamjibu kwa furaha. "Banda la kondoo la bibi mmoja pale chini ya kanisa. Yalikaa ghalani kwangu miaka sita. Nilimpa elfu mbili na mia tano, na kahawa juu."

"Huyo bibi ni mama yangu."

Chastrusse alishika kofia yake, akaiweka sawa. "Ndiyo ilikuwa bei ya wakati ule, Maïté," alisema.

Maïté alikuwa anajua bei ya wakati huu. Bosi wake, Pouget, alikuwa ameshamtajia: kwa mawe peke yake daktari alilipa elfu arobaini na sita. Na mawe ya lori lile, anasema, yangetosha kufunika chumba cha mama yake na kubaki.

Hakuna aliyevunja sheria. Chastrusse alinunua kwa mtu mwenye akili timamu. Daktari alilipa alichoombwa. Ofisi ya mkoa ilitekeleza kanuni zake. Kila mmoja mikono yake ni safi, na mwanamke mzee analala jikoni.

Maïté aliteremka, akaenda kukaa ndani ya gari la kazi, mlango ameufunga. Pouget alimfuata, akasimama dirishani. Alimwambia kwamba akitaka kurudi nyumbani hatamzuia wala hatamkata mshahara, ila mvua imeshafika mji wa jirani wa Sarlat na paa liko wazi.

Akarudi juu. Aliyalaza mawe ya banda la mama yake kwenye nyumba ya mtu mwingine, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.

"Paa lililo wazi haliachwi," anasema. "Hata lingekuwa la Chastrusse. Lakini usiniulize usiku ule nililalaje."

Maïté hakumficha mama yake. Fernande alisikiliza, akauliza kama angalau yamepangwa vizuri. Alipoambiwa ndiyo, akaendelea kumenya vitunguu saumu.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa kuzungumzia maandalizi ya watalii wa mwaka ujao, Maïté, ambaye hajawahi kufungua mdomo katika mikutano hiyo, alisimama na nguo zake za kazi.

"Mnasema mawe haya ni urithi wetu sote," alisema. "Sawa. Basi na gharama iwe yetu sote. Wageni wanapiga picha paa. Beseni la mama yangu nani amewahi kulipiga picha?"

Meya, Josiane Bouyssou, alijibu kwamba sheria haikutungwa na yeye, na ni kweli. Kisha akainuka Delbreil, mfugaji wa mabata, mtu asiyesifika kwa ukarimu. Alisema banda la tumbaku la babu yake lilishaanguka, mawe yamezama kwenye upupu, na Chastrusse ameshakuja kuyaulizia. Akasema Maïté ayachukue kabla mwenyewe hajabadili mawazo. Meya naye akaongeza mawe ya paa la tanuri la mkate la kijiji, ambalo halijawashwa tangu Vita Kuu ya Pili.

Hayatoshi. Maïté ameyapima kwa macho na anajua yataishia kwenye upande mmoja wa paa. Ameshaiandikia ofisi ya mkoa kuhusu upande wa pili, na hadi habari hii inaandikwa, alikuwa hajajibiwa.

Hata hivyo Jumapili hii anaanza, na Pouget ameahidi kuleta winchi. Fernande anasema anataka kulala chumbani kwake kabla theluji haijaanguka, na kwamba jikoni panamnukisha supu.

"Upande wa kanisani nitaweka mawe, kwa kuwa huko ndiko wanakotazama," anasema Maïté, akichomeka nyundo kiunoni. "Upande wa nyuma nitapiga bati. Safari hii atakayekuja kulitoa atanikuta nimekaa juu yake."