Nilivyomlipa wakili aingie kituo cha polisi Garissa, watu wakasema haiwezekani

Wakuu, salaam aleikum. Haya yalinipata mimi mwenyewe, Garissa, miaka ya tisini. Asiyeamini aende soko la mifugo awaulize wazee. Jina langu bado wanalijua.

Niliporudi kutoka Uingereza na diploma ya sheria, walinicheka. Si wakili, hawezi kusimama kortini. Si karani, hana ofisi.

Binamu yangu alisema mbele ya watu wakinywa chai, "Huyu alikwenda ng'ambo kujifunza kuongea na polisi. Sisi tunawakimbia bila shule!"

Hata mimi nilicheka. Moyoni nikasema, ngojeni.

Diploma ile niliilipia kwa kufagia maofisi, sikusaidiwa na mtu. Lakini kule niliona jambo moja: mtu akikamatwa, hata kama hana senti, wakili anakuja kituoni kumshauri kabla hajaandikisha maelezo, na analipwa kwa pesa za umma.

Sasa Garissa ya wakati ule. Mfugaji anakuja sokoni kutoka Ijara au Bura. Kiswahili hajui, na ile kadi ya pinki ya kuthibitisha uraia, ambayo watu wa kabila letu tulitakiwa kubeba pamoja na kipande, ameiacha nyumbani. Yuko ndani. Anawekewa karatasi asiyoweza kuisoma, anaambiwa weka kidole. Kesi imekwisha kabla ya korti.

Nikawaendea madalali wa mifugo. Tukakubaliana kwamba kila mnyama akiuzwa, kiasi kidogo kiingie sanduku la wakili. Pesa za umma, wakuu, bila serikali!

Nikampata wakili Mutua, mtu wa Machakos mwenye ofisi ndogo mjini. Kwa kuwa sanduku lilikuwa tupu, malipo yake ya mwanzo nilikopa kwa muuza nyama, kwa shemeji, na kwa eedo Halima, shangazi yangu aliyeuza maziwa ya ngamia.

Wazee wa soko waliweka sharti: wakili alipwe mtu akishatoka tu. Nikakubali ili kazi ianze.

Matokeo yake Mutua akawa anachagua. Kesi nyepesi anakimbilia, nzito haonekani.

Ndipo akakamatwa Abdi Noor, mfugaji wa Lafey aliyeleta ngamia kuuza. Hana kadi, na akashukiwa wizi wa mifugo. Tukasikia atapelekwa mpakani na kuachwa upande wa pili, mtu aliyezaliwa Lafey, ndani ya nchi hii hii! Ngamia wake wamesimama sokoni bila mwenyewe.

Mutua akaniambia wazi, "Ndugu, huyo hatoki. Nikienda ni kazi ya bure, na mimi nina kodi ya nyumba."

Sikumlaumu. Nikarudi kwa wazee nikawaambia wamlipe kwa kwenda tu.

Mzee Gedi, mkubwa wa madalali, akaruka. "Tumlipe mtu kwa kupita mlangoni? Basi nilipeni mimi, napita pale kila siku!"

Kicheko soko zima.

Nikamwita mjomba kwa heshima, nikamuuliza, "Abti, ukame ukija, nani anatangulia kutafuta nyasi?"

"Sahamiye."

"Unampa nini?"

"Ngamia wa kupanda, maziwa, nyama ya kukausha."

"Akirudi akasema hakuna nyasi, unaidai ile nyama iliyo tumboni?"

Akajikuna ndevu. "Hasha. Ametuambia tusiende huko."

"Basi wakili ni huyo huyo."

Akanitazama. "Kumbe diploma yako ina ngamia ndani. Mlipeni."

Mutua akalipwa pale pale. Nikaenda naye kutafsiri. Kituo sikitaji.

Tulimkuta Abdi karatasi iko mbele yake, kidole kimeshapakwa wino.

"Asiweke," Mutua akasema. Nikatafsiri haraka.

Kisha akamuuliza mkuu wa kituo, kwa upole kabisa, mbona saa ishirini na nne zimepita na mtu huyu hajafikishwa kortini. Mkuu akajibu kwamba wanangoja gari.

"Basi na mimi nitalingoja," Mutua akasema, akavuta kiti.

Gari lilipokuja, lilikwenda kortini, si mpakani. Mzee mmoja wa Lafey akaeleza kwamba anamjua Abdi na baba yake, na wale ngamia ni wao. Hakimu akamwachilia. Siku hiyo hiyo Abdi alikuwa sokoni akigombana na mnunuzi juu ya bei.

Toka hapo Mutua aliingia kesi zote. Wengine hawakutoka, naye alilipwa vile vile, na hakuna mzee aliyelalamika.

Funzo langu: ukimlipa wakili kwa ushindi, atawafuata walio karibu na mlango. Mlipe kwa kuja. Nyinyi wa Wajir, Mandera na kwingine, kwenu mlifanyaje? Wabishi pia nawakaribisha, nina nafasi.

Na kwa atakayeuliza kuhusu mikopo: sanduku liliponirudishia, niliilipa yote siku moja. Nilivaa suti niliyorudi nayo, joto lile lile la Garissa, nikapita kwa mmoja mmoja watu wanione.

Eedo Halima alikuwa wa mwisho. Akahesabu, akahesabu tena, mimi natoka jasho. Kisha akanirudishia noti moja.

"Hii ya sanduku."

"Eedo, wewe huuzi ng'ombe."

"Kwani mimi sina watoto wa kukamatwa?" Akawageukia wenzake wa maziwa. "Haya, na nyinyi toeni!"