Mwimbishaji Wetu wa Mchakamchaka

Siku hizi nikisikia wanafunzi wanapita na mchakamchaka huku kwetu Ngokolo, nafunga dirisha. Mke wangu ananicheka, anasema nimezeeka kabla ya wakati, nachukia hata nyimbo za watoto. Sizichukii. Ila nikiziacha ziingie ndani, siku yangu yote inaharibika.

Wewe uliyesoma bweni unaijua hali ile. Kengele alfajiri, vumbi la Shinyanga bado la baridi, macho hayajafunguka sawasawa, na mwalimu wa zamu kasimama getini na fimbo yake. Kilichotuamsha hasa si kengele wala fimbo. Ni mwenzetu mmoja mfupi, mtoto wa Ushirombo, mwenye sauti ambayo usingetegemea itoke kwenye kifua kile chembamba. Huyo ndiye alikuwa mwimbishaji wetu. Nyimbo alizitunga papo hapo, akikimbia kinyumenyume mbele yetu, akimtania mpishi, akimtania mwalimu wa fizikia kwa suruali yake fupi, na mwalimu mwenyewe akijizuia asicheke. Tukishakata kona ya kurudi, wote tukiwa hoi, alitoa wito wake wa mwisho: "Uji una nini?" Na sisi kwa pamoja: "Una sukari!"

Ulikuwa uongo mtupu. Uji ule haukuwahi kuiona sukari hata kwa bahati mbaya. Lakini tuliitikia kwa nguvu zote ili mpishi atusikie, na tukafika jikoni tunacheka.

Ubavuni mwake alikimbia rafiki yake, mrefu wetu wa Ushetu, mtoto wa wakulima wa tumbaku. Akirudi kutoka likizo nguo zake zilinuka majani yaliyokaushwa, tukamwambia alale nje. Hakuwa mwongeaji. Kazi yake ilikuwa kumcheka mwenzake na kumsaidia kumaliza michembe ambayo mwimbishaji alifungashiwa na mama yake, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani, ambavyo tulivitafuna na karanga wakati wa kujisomea mpaka bweni zima likasikika kama zizi la mbuzi.

Tulipomaliza kidato cha sita tukapelekwa wote mafunzo ya jeshi. Sisi wengine tulirudi tumekonda, tunahesabu malengelenge. Wao wawili wakabaki. Mwimbishaji alituambia huko kwata inaendeshwa kwa nyimbo, akauliza sasa aende wapi tena. Mrefu alibaki kwa sababu mwenzake amebaki.

Miaka ikapita, wakapangwa kwenda nchi jirani kulinda amani. Wakavamiwa wakiwa doria. Walirudi siku moja, kila mmoja kwenye jeneza lake, bendera juu, wakaagwa pamoja kisha wakatenganishwa, mmoja Ushetu, mmoja Ushirombo. Nadhani hicho ndicho kilichoniuma kuliko vyote, kuwaona wanatenganishwa. Kule Ushirombo mama yake mwimbishaji aliomba afunguliwe jeneza amwone mwanawe. Askari waliomleta walimshika mikono kwa heshima, wakamwomba asimwone. Risasi za heshima zikapigwa, kuku wakakimbilia chini ya ghala, na yule mama akabaki anaitazama ile bendera waliyomkabidhi kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe.

Tangu hapo kila mwaka tuliosoma pamoja tunakutana. Tunaanzia Ushetu, tunapalilia kaburi la mrefu na kulipaka chokaa. Kesho yake tunasali misa Ushirombo, kisha tunaenda kwa mama. Mwaka huu tulikwenda wachache. Alikuwepo mwenzetu wa Geita, dalali wa dhahabu, mwenye kitambi kinachotangulia kuingia ndani, na mwenzetu mmoja ambaye sasa ni muuguzi, na wengine kama watatu hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mwangaluka, karibuni," akatusalimu na kwa Kisukuma.

Akatukalisha uani. Jikoni kulikuwa na sufuria mekoni. Tukaongea habari za mvua na mahindi, halafu akaniambia mimi niliyekaa karibu yake: "Baba, sura yake ninayo pale ukutani. Sauti ndiyo imenitoka. Nalala naitafuta, siipati."

Simu yake mwanawe haikurudi kutoka vitani, na simu ya mama ni kile kitochi kisichotunza kitu. Nikajaribu kumweleza, ilikuwa nene, mama, ilikuwa inapanda hivi. Nikajisikia mjinga. Sauti ya mtu haielezeki.

Dalali akavua viatu. "Tumkimbilie," akasema. Mtu mzima na suruali yake ya misa! Lakini tulisimama wote, tukajipanga mistari, tukaanza kukimbia kuuzunguka ua, tukipita nyuma ya jiko na kando ya zizi. Hakuna aliyetangulia mbele. Hatukukubaliana hivyo, ila hakuna aliyethubutu kukaa mahali pake. Tulikuwa tunaitikia tu. Pale alipokuwa anaimba yeye tuliacha kimya, miguu ikipiga chini, kisha tunaitikia, kisha kimya. Tulipokata kona ya zizi, bila kuulizwa, tukapaza: "Una sukari!"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemwanguka begani.

"Mnamjibu nani?"

Tukasimama. Muuguzi, akihema, akamweleza kwamba hapo mwanawe alikuwa anauliza uji una nini, na sisi tunamjibu. Mama akatutazama mmoja mmoja. Akashika fremu ya mlango, akainua kidevu.

"Uji una nini?"

Rafiki yangu, ilikuwa ni yeye. Nene vilevile, ikipanda mwishoni vilevile. Yule mama amezunguka miaka yote hii anaitafuta sauti ya mwanawe, kumbe mtoto aliitoa kwake. Dalali alikuwa ameshachuchumaa chini, kitambi chote kinatetemeka kwa kilio.

"Mbona hamjibu?" mama akasema, na akarudia kwa nguvu zaidi, kama mwanawe alivyofanya tulipolegea. "Uji una nini?"

Tulijibu. Vibaya, kila mtu kivyake, lakini tulijibu. Akatikisa kichwa polepole. Sijui kama alijisikia alivyosikika. Sikumuuliza.

Halafu akaingia jikoni, akaipua sufuria, akatumiminia kila mmoja kikombe. Ulikuwa uji wa ulezi, wa moto, na aliutia sukari mpaka ikazidi. Tulikunywa tukitazama kule kwenye kona ya zizi. Uji hatimaye ulikuwa na sukari, na wa kumwambia hayupo.