Goti la Mukiri na Kilo Mbili za Sukari

Umande haujakauka mashambani Muthara, na Mukiri ameketi kwenye kigoda chini ya mti wake wa miraa, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, anafunga miraa kwa majani ya mgomba. Vijana wawili wako juu wanachuma. Kila tawi likitikisika, yeye hufoka.

"Mnachuma kama mbuzi," anawaambia. "Hiyo ndogo wacheni ikue."

Mti huu ulipandwa na babu yake, na kwa miaka thelathini hakuna aliyeukwea ila Mukiri. Juni mwaka jana, 1996, goti lilimshusha. Sasa, akiwa na miaka hamsini na minne, anafunga pamoja na wazee wasio na jino la kutafunia bidhaa yao. Mkewe Mukami hawezi kumsaidia, kwani huku mwanamke hakwei mti wa miraa. Vijana hao anawalipa shilingi mia mbili kwa siku.

"Pesa hutafutwa," anasema. "Kinachoniuma ni kuangalia mti wangu kutoka chini."

Alianza na mafuta ya mbuzi. Akaja jirani na dawa ya kuchua maksai, iliyobabua ngozi na kuliacha goti vilevile. Januari akasalimu amri, akaenda hospitali ya misheni, akapigwa picha. Daktari akamwonyesha jinsi goti lilivyolika, akampa vidonge na sindano ya kupunguza uvimbe. Akamweleza pia kwamba mambo yakizidi, Nairobi kuna upasuaji wa kuweka goti la chuma. Mukiri akataka kujua kama chuma hicho hakitashika kutu kwa umande.

Akapelekwa kwa Winfred, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa kitinda mimba wake. Winfred akamwambia misuli ya paja ndiyo hubeba goti: aketi, afunge uzito wa kilo mbili kwenye kifundo cha mguu, ainue mara kumi asubuhi na mara kumi jioni.

Nyumbani kitu pekee kilichoandikwa kilo mbili kilikuwa pakiti ya sukari. Mukami akaimimina katika mfuko wa kitambaa, na mazoezi yakaanza.

Siku za kwanza Mukiri aliinua mguu huku akitaja malaika wote. Wiki ya pili ukainuka bila shida. Wiki ya tatu aliuinua mara thelathini akipiga mluzi, akawaambia vijana wajitafutie mti mwingine.

Alichosahau ni kwamba mgonjwa hutembelewa. Walikuja majirani, kanisa, hata mwenye dawa ya maksai, na mgeni hatoki nyumba ya Mukami bila chai. Waliokuja kumpa pole ndio waliokunywa matibabu yake, kijiko kwa kijiko.

Mukami alijua. "Nilimwona amefurahi, kitu alikuwa hajafanya tangu Juni," anasema. "Nikashindwa kumwambia."

Hospitalini Mukiri alijigamba mbele ya wagonjwa wote. Winfred akamfunga kilo mbili za kweli. Mguu uliinuka mara mbili, kisha ukakataa kuondoka sakafuni. Winfred akauliza maswali mawili matatu, kisha akageukia dirisha mpaka kicheko kikamwisha.

"Mzee, goti lako si baya," akamwambia. "Umelifundisha kuinua mfuko mtupu. Anza tena, na utumie mchanga."

Mukiri anakiri kwamba siku hiyo, kabla ya kufika nyumbani, alipitia kwa wale vijana kuwaomba warudi mtini. Usiku huo Mukami aliushona mfuko wa mchanga kwa sindano ya magunia, mishono miwili.

Ukimuuliza mpango wake, anaonyesha pale shina la mti wake linapogawanyika, juu kidogo ya kichwa cha mtu. Winfred hakumwahidi zaidi ya hapo, na hapo anataka kufika kabla ya mvua za Oktoba.

Kabatini kuna pakiti mpya ya sukari. Mukami ameapa haitafunguliwa mpaka siku hiyo. Jumapili pasta alikuja, akapewa chai isiyo na sukari, na Mukiri akainua mguu mara kumi mbele yake, jasho likimtoka.

Ya kumi na moja ilimshinda. "Hiyo," akamwambia pasta, "utaikuta ukirudi."