Magugu ya Sebuleni

Mke wangu ni fundi cherehani, na ukimwambia jambo fulani haliwezekani, kesho yake asubuhi ameshalianza. Ndivyo sebule yetu ya ghorofani ilivyogeuka shamba. Kochi lilitoka, rafu zikaingia. Maji ya kuoshea mchele humwagiliwa mchicha, maganda ya ndizi huozeshwa kwenye ndoo yenye kifuniko yawe mbolea, na dawa ya wadudu hatujui hata harufu yake. Nilinuna. Kisha nikaonja mboga iliyochumwa hatua chache kutoka kwenye sufuria, nikaacha kununa, ingawa kochi bado nalikumbuka.

Halafu tukamchukua baba mkwe. Alikuwa mkulima maisha yake yote. Mgongo ulipomshinda, shamba aliwaachia wadogo zake, akaja kwetu, akalala akiutazama ukuta. Daktari alisema miguu haina ubaya, ila asiposimama upesi hatasimama tena. Mke wangu alimbembeleza kwa uji, kwa redio, kwa machozi. Mzee hakushuka kitandani.

"Nisimame niende wapi?" aliuliza.

Siku moja tulirudi kutoka kazini tukamkuta sebuleni, mkono mmoja umeshika rafu. Kwa mkono wa pili alikuwa anang'oa saladi changa, ambayo mke wangu alikuwa ameilea kama mtoto.

"Nyumba imejaa majani," alisema. "Hamna macho?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga.

"Shikamoo, baba. Tumekosa tu nafasi ya kupalilia."

Akakimbilia jikoni kulia kwa furaha. Mimi niliililia saladi.

Tatizo ni kwamba shamba la ndani halioti magugu. Hiyo ni mojawapo ya sifa zake. Mzee angemaliza mboga zote, au angekosa kazi arudi kitandani. Kwa hiyo mke wangu hung'oa magugu nyuma ya karakana yao ya kushonea, huyaleta kwenye mfuko wa vitambaa, na kuyapandikiza katikati ya mchicha wakati mzee anaoga. Huyamwagilia pia, yasinyauke.

Siku hizi mzee huzunguka rafu kila asubuhi, na ana maoni mengi. Jana mezani alimtazama binti yake kwa huruma.

"Mwanangu, kilimo hukijui. Siku nikifa, magugu yatawatoa humu ndani."

"Ni kweli, baba," mke wangu alisema, akimwongezea mboga. "Kwa hiyo usife."