Mchanga wa Ada

Sijawahi kuishi na mtu bahili kama Bernadina, na nasema hivyo kwa mapenzi. Miaka mitatu tulipanga chumba kimoja Nyasubi, mjini Kahama, tukisomea uuguzi. Mimi pesa aliyonitumia mjomba wangu ilikuwa inaisha kabla ya tarehe kumi. Yeye alipiga pasi ndefu: asubuhi hanywi chai, mchana hali, saa kumi jioni anasonga ugali wake wa siku nzima. Kipande cha sabuni alikigawa mara sita kwa wembe. Nilimcheka sana, na leo najuta.

Akiba yake hakuiweka benki wala kwenye simu.

"Nikiwa na hela, Chausiku, ndugu zangu wanainusa," aliniambia. "Mara mchango wa harusi, mara mtoto anaumwa. Na mimi kusema sina wakati ninayo, siwezi."

Kwa hiyo kila likizo alirudi kwao, nje kidogo ya Buseresere, akafanya kazi mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea mawe yaliyosagwa ili kupata dhahabu. Ujira wake aliuchukua kwa marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha. Bado una dhahabu kidogo ndani yake, na wapo wanunuzi wenye dawa za kuitoa. Aliumwaga nyuma ya nyumba ya mama yake, ndoo kwa ndoo, miaka mitatu. Mama alipouliza, alijibiwa ni mchanga tu. Nani aje kukopa mchanga?

Pasaka, mnunuzi mmoja aitwaye Salmini alipima sampuli, akaahidi laki saba kwa rundo lote. Bernadina alikuwa anadaiwa ada laki sita na nusu, na chuo kilikuwa kimeshatangaza: ambaye hajamaliza kufikia Jumatatu asubuhi hapewi namba ya mtihani wa mwisho. Angeweza kuuza siku ileile. Lakini aliogopa fedha kulala mikononi mwake, akamwambia Salmini aje na lori Jumamosi, siku mbili kabla ya mtihani, ili alipwe na kulipa hapohapo.

Jumamosi hiyo nilimsindikiza, maana kutembea na hela nyingi peke yako si jambo la kuchezea. Tulimkuta Salmini ameshafika, amekaa kwenye lori lake barabarani.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mama yake Bernadina.

"Marahaba, wanangu. Njooni, njooni muone!"

Mikono yake ilikuwa na saruji hadi kwenye viwiko. Alimshika binti yake, akamwingiza kwenye chumba cha uani ambacho miaka yote kilikuwa cha matofali matupu. Sasa kilikuwa kimepigwa lipu safi, na sakafu pia.

"Wageni wa mahafali yako watalala humu," alisema. "Nimeuza mbuzi wangu wote wanne nikanunua saruji. Sikutaka uaibike mbele ya wenzako. Mchanga sijanunua hata ndoo moja. Ule wako fundi kausifu mno, eti laini kama unga. Umetosha, na umeisha wote!"

Mama akaenda jikoni kutuandalia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Bernadina alizunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kuku wawili wakiparua udongo, basi. Nilimwita Salmini. Alikwaruza ukuta kwa ufunguo, akapukusa vumbi kiganjani, akatikisa kichwa.

"Dada, hii imeshaingia saruji. Hata bure sichukui." Akaondoka na lori lake tupu.

Hasira zilinipanda. Nilitaka kwenda jikoni nimwambie yule mama alichofanya. Bernadina alinishika mkono kwa nguvu.

"Ukimwambia ataubomoa ukuta kwa kucha zake," alisema. "Na mbuzi ndio wameshakwenda."

Mama aliingia na sahani.

"Mbona unalia, mwanangu?"

"Nimefurahi, mayu. Chumba kimependeza."

Akala michembe yote. Miaka mitatu sikuwahi kumwona akila mchana.

Jumapili tulipiga simu kwa kila tuliyemfahamu. Tulipata elfu arobaini na tatu, pamoja na ishirini zangu. Mhasibu wa chuo naye tulimpigia; alitusikiliza kwa upole akasema utaratibu ni utaratibu. Nilimchukia, ingawa najua hakuutunga yeye.

Jumatatu Bernadina alinisindikiza hadi getini, akanipa kalamu yake, kwa sababu yangu ilikuwa inakatakata wino. Niliandika saa tatu nzima bila kujua ninachoandika. Nilipotoka nilimkuta palepale getini, amekaa juu ya jiwe, ameshika simu sikioni.

"Mtihani ulikuwa mwepesi, mayu," alikuwa anasema. "Ndiyo. Maswali yote nimeyajibu."